Mfuko Nyuma ya Mlango

Jumatatu, 7 Julai
Masifu, Misa, chai ya rangi, kufagia. Wiki ya pili katika nyumba ya masista hapa Kibokoni na mikono yaniuma. Mwisho wa mwezi Sista Mkuu ataniuliza: nabaki niwe mpostulanti, hatua ya kwanza ya usista, au narudi Majengo kwenye duka la dawa? Nataka kubaki. Nimelitaka jambo hili tangu shule. Mama hataki hata kulisikia. Anajua niko kwa masista, hajui wapi.

Nimetumwa mahamri kwa Bi Zuhura, ajuza anayepika barazani ng'ambo ya kichochoro. Nikamwamkia. Akanitazama sana.

"Marahaba, Kadzo. Umerejea, mwanangu?"

Sijawahi kumwona maishani. Na humu wote huniita kwa jina la ubatizo, Fransiska. Labda kuna aliyemtajia lile la nyumbani. Wazee nao, haya.

Jumatano, 9 Julai
Asubuhi nimeukuta mfuko wangu chini, nyuma ya mlango wa mbele. Zipu imefungwa. Nguo zote ndani, zimeviringishwa kama chapati. Mimi hukunja mraba, Mama alinifunza kwa kofi. Hakuna msichana mwingine humu wa kunifanyia mzaha, na masista wote wana magoti mabovu. Nimeupandisha juu kabla hawajauona. Nimekasirika kuliko nilivyoogopa.

Jumamosi, 12 Julai
Mfuko tena. Na leo komeo la mlango limefunguliwa.

Komeo lile ni gumu. Sista Mlezi humenyana nalo kila siku ya Mungu. Nimelifunga, kisha nikajaribu kulifungua. Mkono wangu ukaliinua kwanza, ndipo ukavuta. Likaja laini kabisa. Nani kanifundisha?

Nimekaa ngazini mpaka kengele. Labda ni mimi ninayetoka kitandani na kufunga mizigo. Basi kinywa changu kinamdanganya nani kila siku kikisema nataka kubaki? Nimeomba.

Jumatatu, 14 Julai
Bi Zuhura kanishika mkono, hakuuachia. "Safari hii usiondoke bila kuniaga." Nikamwambia, Bibi, mimi mgeni hapa. Akatabasamu kwa upole, kama mtu anayemstahi mgonjwa, akaniongezea hamri moja.

Nikampigia Mama. Nilipomtajia Kibokoni akaanza kulia. Kisha akaniambia niliyofichwa.

Shangazi Kadzo, dada yake Baba, yule niliyepewa jina lake. Nyumbani walisema tu alifia mjini kabla sijazaliwa. Alifia humu. Alikuwa novisi, sista ambaye bado hajaweka nadhiri. Mimi nilipozaliwa nililia mfululizo, wakanitajia majina ya wafu wa ukoo mmoja mmoja, kama ilivyo desturi yetu, na kwa lake nikanyamaza. Baba akakataza habari zake mpaka naye akafa.

"Toka humo leo," Mama kasema. "Si wewe unayetaka usista. Ni yeye anamalizia."

Nywele zimenisimama. Hata sasa naandika zimesimama.

Ijumaa, 18 Julai
Sijui ninachotaka. Nikipiga magoti nauliza ni magoti ya nani. Ile furaha ya kikanisani, ilikuwa yangu? Naona nimeibiwa kitu, na siwezi kwenda kukidai popote. Namchukia marehemu. Ni dhambi, najua.

Mfuko uko mlangoni kila asubuhi. Nimeacha kuupandisha.

Jumapili, 20 Julai
Sista Mkuu ameukuta. Mzee sana, hushika ukuta akitembea. Hakuuliza ni wa nani. Akafungua zipu, akatazama, akapiga ishara ya msalaba.

"Nguo umeziviringisha wewe?"

Nikasema si mimi. Akaketi pale pale kwenye ngazi.

Alinijua tangu siku ya kwanza, kwa sura ya Shangazi. Alinyamaza kwa kuogopa nisije nikabaki kwa ajili ya marehemu. Leo amesema yote. Shangazi hakutaka kubaki. Alikuwa ameshaamua, ameshawaambia masista, ameshaviringisha nguo na kufunga mfuko. Homa ikamwangusha hapa mlangoni, mkono kwenye komeo. Wakamzika katika makaburi yao, na shela ya novisi kichwani. Walidhani ni heshima.

"Alitaka kwenda kwao," akasema, "na sisi tukamweka."

Nilikuwa nalia, na si kwa ajili yangu.

Jumatano, 23 Julai
Nimeupeleka mfuko Kaloleni, kwa Mama, ndiko kwao Shangazi. Nilipofika alikuwa amekwisha kutenga vikombe viwili kwa ajili ya wageni. Nilikuja bila taarifa. Anasema hajui, mkono ulivichukua tu.

Nikamweleza alivyosema Sista Mkuu. Akaenda kupika uji, akavijaza vikombe vyote viwili. Akamwaga kidogo kizingitini, akamwita wifi yake kwa jina, akamwambia umefika, pumzika. Kikombe cha pili hakuna aliyekigusa. Tulipotazama baadaye kilikuwa kimepungua. Mama akasema ni nzi. Nikasema ndiyo, ni nzi.

Mfuko nimeuacha, na nguo zote ndani. Mama akanisihi nisirudi, akanishika kanga. Nikarudi. Padre atasema nini juu ya ule uji, sijui. Sitamuuliza.

Jumamosi, 26 Julai
Nimelala vizuri. Nyumba imetulia, na utulivu huu sijauzoea. Kikanisani nimepiga magoti, na sasa sina wa kumsingizia. Kule kutaka kumekuwa kudogo kuliko zamani. Ila kupo.

Baada ya chai Sista Mkuu aliniuliza. Nikasema nataka kubaki.

Akauliza ni nani anayetaka.

Nikasema ni mimi. Sauti ilitoka ndogo. Akanipa kitambaa, tukakausha vyombo.