Mkono Uliopanda Kilo Sita

Tarehe 4 Machi

Babu yangu Nondo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Bibi. Mimi sijambo, ila macho yanauma kwa kushinda kwenye kompyuta. Tangu niache kuzunguka majumbani nimewekwa ofisini: nalinganisha majibu ya kila mzee wa utafiti wetu, ya safari hii na yale aliyotupa miaka mitatu, sita, tisa na kumi na miwili iliyopita. Yanayogongana, nauliza.

Ya kwako yamegongana, Babu. Mkono wako wa kulia ulianza na kilo arobaini na sita kwenye mashine ya kubana, ukawa unashuka polepole kama mikono ya wenzako. Mara ya mwisho nilipokupima mimi ulibana thelathini na tisa. Safari hii, kwa mwenzangu, umebana arobaini na tano. Kisha pole kwa mgongo unaokuuma, na katika yale maneno kumi tunayowasomea mkumbuke, umekumbuka matatu tu. Kuna nini kimebadilika?

Mjukuu wako wa mafomu


Tarehe 15 Machi

Mjukuu wangu wa mafomu,

Marahaba. Sisi wazima, bibi yako anakusalimu. Barua yako nimeisoma mwenyewe mara mbili bila kusaidiwa na mtu, mimi niliyeacha shule darasa la pili kwa sababu mwalimu aliniogopa.

Hiyo arobaini na tano unaishangaa nini? Umesahau unaongea na nani? Miaka thelathini nimekunja nondo kwa mikono hii, maghorofa ya mjini yamesimama kwa sababu yangu. Siku ya kwanza ulipokuja na mashine yako ya kubana, si uliruka kwenye kiti? Ulisema mwenyewe hujaona mzee mwenye mkono kama huu. Mtaa mzima unajua. Kuna nguvu huchelewa kutoka, ndizo zimetoka sasa. Andika hivyo.

Ila futa mgongo! Mgongo wangu haujawahi kuuma hata siku moja, nani kasema unauma? Na hayo maneno matatu ni uongo mtupu. Hata sasa nayakumbuka, hesabu: ndoo, mlima, barua, kijiko, farasi, taa, mvua. Saba! Na niliyasikia mara moja tu, tena kwa mbali, huku sufuria zinalia.

Babu yako, Nondo


Tarehe 2 Aprili

Babu yangu,

Shikamoo. Mwenzenu nipo, mafua kidogo. Nilisoma barua yako nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Maneno yale husomwa ana kwa ana, mmekaa mnatazamana. Wewe uliyasikiaje kwa mbali?

Sitaki kukusumbua, lakini ujue kilichopo. Mwenzangu anakiri kwamba mashine ilimponyoka ikaanguka kutoka kwenye pikipiki asubuhi ile, na nyumba yako ndiyo ya kwanza baada ya hapo. Imeshatengenezwa, haiwezi tena kutuambia kama iliharibika. Mkuu wetu anasema mzee wa miaka sabini na minane hapandi kilo sita, kwa hiyo mashine ilidanganya, na vipimo vyote ilivyochukua katika mitaa yenu vifutwe. Ni vya wazee sitini na mmoja. Wanane wamekwisha fariki, hatuwezi kuwarudia. Mmoja wao ni jirani yako, Kinyozi.

Vinafutwa mwisho wa Mei.

Mjukuu wako


Tarehe 6 Mei

Babu,

Shikamoo. Sijapata jibu. Hujambo? Bibi hajambo? Zimebaki wiki tatu. Niandikie, hata kama ni kunitukana.

Mjukuu wako


Tarehe 17 Mei

Mjukuu wangu,

Marahaba. Bibi yako hajambo. Mimi sijambo upande mmoja.

Miezi minne kabla ya mwenzako kuja, niliamka mkono wa kulia umelala. Mdomo ulipinda ukarudi, mguu ukarudi, mkono ukagoma. Hata kikombe unaangusha. Barua hizi naandika kwa kushoto, na bado mwandiko wangu unaushinda wa kwako.

Mwenzako alipotuma ujumbe kuwa anakuja Jumanne, nikaona mashine itanianika mbele ya mtaa. Nikamwita mdogo wangu, yule fundi baiskeli. Tumefanana, ila yeye mbaya kidogo. Nikamvisha shati langu, nikamkalisha kwenye kiti changu, nikamwambia wewe bana tu, ukiulizwa chochote sema uko sawa. Nikajificha jikoni. Bibi yako akaniambia, "Mzee wangu, utaumbuka mchana kweupe." Nikamwambia koroga chungu. Huko sebuleni mdogo wangu akajisahau, akaanza kumwaga maradhi yake, mgongo sijui, usingizi sijui, mpaka kwenye maneno kumi akatoa matatu! Niliuma kitambaa cha vyombo nisipige kelele. Amenichafulia jina kwa mgongo wake.

Ningenyamaza mpaka naingia kaburini. Kinachonishinda ni Kinyozi. Mwenzako alipotoka kwangu alikwenda kwake, nami nikaenda kuchungulia dirishani. Kinyozi alikuwa ameisha, amebaki koti. Akabana kwa mikono miwili, akaambiwa hapana mzee, mmoja tu. Akabana kwa mmoja mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Kumi na moja. Akafurahi kama mtu aliyepata mtoto. Mgeni alipoondoka nikaingia nikamcheka, nikamwambia kumi na moja hata kuku anazo. Mimi huyo, mkono nimeuficha mfukoni. Wiki ya sita akafa.

Mashine haikudanganya. Nimedanganya mimi. Kumi na moja ya Kinyozi ni yake, ameitolea jasho, msiiguse. Nifuteni mimi. Najua mtaniondoa kwenye utafiti, na hakuna mtu mwingine anayekuja kuniuliza kama naweza kufunga vifungo vya shati mwenyewe. Siwezi.

Babu yako


Tarehe 26 Mei

Babu yangu,

Shikamoo, na ya leo naitoa nimesimama. Barua yako nilimpelekea mkuu. Aliisoma, akavua miwani, akaisoma tena. Vipimo vya wazee sitini vimebaki. Kumi na moja ya Kinyozi imebaki. Majibu yako ya safari hii tumeyaondoa, pengo limeachwa wazi na sababu imeandikwa pembeni.

Wewe hatukuondoi. Mikono yenye nguvu tunayo tele kwenye makaratasi, ile iliyochoka ndiyo inayojificha jikoni, halafu sisi tunadhani uzee ni mwepesi. Mwenzangu atakuja tarehe tisa Juni. Ukimkatalia ni haki yako. Lakini nenda kliniki, Babu, mkono kama huo hufanyishwa mazoezi. Hilo nakuomba kama mjukuu, si kama mtu wa mafomu.

Mjukuu wako


Tarehe 10 Juni

Mjukuu wangu,

Marahaba. Tumeamka salama, hata kuku wetu wazima.

Kliniki nimekwenda. Nimepewa mpira nibinye, eti mpira, mimi. Naubinya.

Mwenzako alikuja jana. Alinitazama juu mpaka chini akasema, "Mzee, mbona mara ile ulikuwa mfupi?" Bibi yako alicheka mpaka akakaa sakafuni. Alinipa maneno kumi nikarudisha sita, hilo andika kwa wino mweusi. Kisha mashine. Kushoto thelathini na moja. Nikadhani atachoka aende zake. Akasema, "Sasa kulia."

Bibi yako alinipangia vidole kimoja kimoja pale kwenye chuma, akaachia. Nikabana. Nimebeba nondo ngazi kwa ngazi ghorofa sita, lakini kazi nzito kama ile sijawahi kuifanya. Shati liliganda mgongoni. Akasema pumzika, sheria yetu ni mara mbili. Nikabana tena. Akaandika haraka, akafunika karatasi kwa kiganja, nadhani ananionea huruma. Nikamwambia funua, tena soma kwa sauti, madirisha yapo wazi, walioko nje wasikie.

Akasoma. Nne.

Basi pekua hayo makaratasi yako yote, mjukuu wangu. Kama kuna mzee aliyeitafuta nne kwa nguvu kuliko mimi, niandikie anakaa wapi.

Babu yako, Nondo