Mupishi wa Mukono ya Kushoto

Bunia, kartié Saio

Kwa mudogo yangu Domitille, kule Komanda,

Miye yaya yako Isidore, mukubwa yako wa tumbo moja, niko na miaka soixante-dix-huit, sabini na munane, na nimezika watu wengi. Nimezika bibi yangu Emerance, mama ya watoto wangu, nimezika watoto wawili, nimeona vita ikipita mbele ya mulango yangu, ikirudi, ikipita tena, na nyumba ingali imesimama. Nimezika hata katekista Augustin, yeye aliyenichapa vidole na fimbo ya mukahawa. Siku ya maziko yake nilitupa udongo mu kaburi na mukono ya kushoto, na hakuna mutu aliyesubutu kunizuia. Naanza na hiyo ili usifikiri kwamba anayekuandikia amekuwa mulaini.

Salamu nyingi, mudogo yangu. Uko namna gani? Magoti yako inakuuma tena wakati wa mvua? Mutoto wako Honorine iko muzima? Siye huku tuko tu. Miye kifua inapiga filimbi asubui, meno imebaki tano, lakini zile tano ni nguvu kuliko thelathini ya vijana. Mujukuu wangu Plamedi ndiye ananipikia. Anakusalimia sana. Na nimechoka, Domitille. Sikuchoka na kazi, maana siku hizi sifanyi kazi. Nimechoka kama mutu aliyesimama mulangoni miaka mingi akizuia mulango na mugongo, na nyuma ya mulango hakuna mutu anayesukuma.

Delphin wa kamio, ile lori ya Komanda, alinifikishia maneno yako. Alikuja kwangu hata bila kunawa vumbi ya barabara. Alisema Honorine amepata muchumba tena, mwalimu, na wakwe watakuya mwezi wa munane, na mujomba lazima asimame atoe kibuyu ya maziwa kama desturi yetu. Kiisha akaangalia chini, akasema ulimutuma na neno lingine: yaya aseme ukweli juu ya ile sinema, ao abaki Bunia. Nilimukaripia. Nilimwambia mutu wa kubeba makaa na ndizi hawezi kubeba amri mpaka kwangu. Alicheka tu, akasema, "Muzee, miye ni barabara tu, maneno inapita juu yangu." Nilimupatia chai.

Basi nitakuelezea kila kitu kwa upole, usinikate njiani kama kawaida yako.

Plamedi anafanya kazi na wale watu wa kufundisha watoto wa wakimbizi kunawa mikono. Wanafunga shuka nyeupe mu kiwanja ya masomo hapa Saio, wanaweka mashini, wanaonyesha sinema ya sabuni. Watoto wanachoka nayo upesi. Alikuya kuniuliza siye zamani tulikuwa tunacheka na nini, maana anatafuta sinema ya kuwachangamusha kiisha ile ya sabuni. Nilimwambia bila kufikiri: mupishi na bata.

Unakumbuka, usikatae. Kule kambi ya mine, kwa machimbo, baba akiwa kapita, musimamizi wa wachimbaji, gari ya sinema ilikuwa inakuya kila kiangazi. Muzungu munene na mustashi juu ya mudomo, na kofia nyeupe kama muhogo, anafuata bata na kisu. Bata anapita chini ya meza, anapita mu unga, anapita katikati ya miguu ya kaporali. Kaporali anapiga saluti na unga imejaa mu kinywa yake. Sinema haikuwa na sauti, sauti ilikuwa ya yule mufasiri mwenye kipande ya bati mbele ya kinywa, aliyesimama juu ya gari na kulia, "Bata, kimbia! Supu iko nyuma yako!" Mama alicheka mpaka mutoto wa mugongoni akaanza kulia. Na mwisho, mupishi anachoka, anakaa chini, na bata anakuya mwenyewe kukaa juu ya magoti yake. Mwishowe mupishi anachukua kisu ile ile, anakata mukate, anamupatia bata.

Plamedi alitafuta mu telefone siku tatu. Siku ya ine akaniletea kioo ya telefone, akasema, "Tate, ni huyu?" Domitille, niliogopa kuangalia. Vitu vya utoto ni kama nyumba ya zamani, ukirudi unakuta mulango mufupi, unashangaa ulikuwa unaingia namna gani. Lakini mupishi alikuwa mupishi. Bata alikuwa bata. Nilicheka mpaka filimbi ya kifua ikakatika. Miaka karibu sabini, na ile kitu haijachacha hata kidogo.

Kiisha nikaona kisu. Ilikuwa mu mukono ya kuume.

Nilimwambia Plamedi telefone yake ni ya uongo. Aliangalia tena, akasema, "Tate, watu wote humu wanatumia kuume, ona hata kaporali." Nilimwambia basi ni sinema ingine, wameiga. Alicheka. Nilikasirika, nikaacha ugali yake mu sahani, na njaa nilikuwa nayo.

Sasa ngoja nirudi kwa ile siku ya mbaya, maana najua ndiyo unangojea. Wakwe wa kwanza wa Honorine walikaa mu nyumba yako, wazee watano na makoti. Miye mujomba nikasimama na kibuyu ya maziwa, nikainyoosha kwa baba ya kijana na mukono ya kushoto. Ulininongoneza nibadirishe. Nilikataa. Ulisema kwa sauti. Nikasema kwa sauti kubwa zaidi kwamba kushoto si matusi, kwamba Wazungu wote, wapishi na makaporali, walikuwa wa kushoto, niliwaona na macho yangu, nimekaa mbele kwa kiti ya makarani. Na weye ukasema mbele ya wale wazee, "Yaya, miye nilikuwa mbele kwa mikeka ya wasichana wa masista. Mupishi alikata na kuume. Na nilikuwa nageuka kila mara kukutafuta kwa viti ya makarani. Hukuwa pale." Nilikuita muongo. Muongo mara tatu, mu nyumba yako, mbele ya wakwe. Yule muzee aliweka mikono yake mu koti, hakupokea maziwa. Walisimama mumoja mumoja. Honorine alikuwa mulangoni na sahani ya nyama, hakujua aiweke wapi. Miaka munane sasa. Maziwa ile niliimwaga nje miye mwenyewe, mbwa wakakunywa.

Tuendelee. Juma ya nyuma, saa ya jua kuzama, Plamedi alinipeleka kwa kiwanja. Alikuwa ameniwekea kiti mbele, kiti ya plastiki na mito, karibu na shefu wa kartié, mukubwa wa mutaa wetu. Kumbuka hiyo: kiti mbele, hatimaye, na hakuna mutu wa kunifukuza. Watoto walijaa kama sisimizi, wengine wametoka njia ya Komanda na mama zao, wengine wamezaliwa mu kambi. Nilifikiri hawatacheka. Watoto hawa wanajua telefone, wamezoea mambo ya kelele. Kiisha bata akaingia mu unga, na kiwanja nzima ikalia kwa kicheko. Palepale tulipolia siye! Hata shefu alishika tumbo.

Miye nilisimama. Mama mumoja wa kuuza maandazi aliniuliza naenda wapi na kiti yangu ni nzuri hivi. Nilimwambia naenda kukojoa. Nikazunguka, nikapita kamba, nikaenda nyuma ya shuka. Kulikuwa watoto hata kule, wale waliokosa nafasi. Nikakaa chini, mu majani, na magoti yangu hii. Nikainua macho.

Walikuwa pale, Domitille. Wote. Mupishi alishika kisu na kushoto. Kaporali alipiga saluti na kushoto. Bibi ya mupishi aliandika barua yake na kushoto, na herufi zinaenda kule ambako zangu zilikuwa zinataka kwenda. Na mufasiri hakuwa, basi nililia miye mwenyewe, "Bata, kimbia! Supu iko nyuma yako!" Watoto wa mbele wakaanza kuuliza shuka inasema namna gani. Nililia maneno yote mpaka mwisho, hakuna hata moja lililonipotea. Plamedi aliinua shuka, akanikuta pale na machozi. Nikamwambia ni vumbi.

Sasa ndiyo ile neno. Nilitaka kuiandika juu kabisa, lakini mukono ilikataa, ikataka kwanza kuzunguka.

Sikukaa mbele. Hata siku moja. Kiangazi ile ya kwanza, katekista alitupanga kwa mustari, kila mutoto afanye alama ya musalaba kabla ya kuingia kwa viti. Nilifanya na kushoto, maana ndiyo mukono Mungu aliyonipatia. Alinitoa mu mustari na sikio. Alisema mutoto wa mukono ya shetani akae nyuma ya shuka, pamoja na mbuzi. Watoto walicheka. Weye ulikuwa umeisha ingia na masista, hukuona. Nilikaa nyuma nikilia, na nilipoinua macho nikaona inchi nzima ya watu kama miye. Watu wa kofia, watu wa viatu, na hakuna mutu anayewachapa. Mutoto wa miaka kenda, ungetaka nifanye namna gani? Nilirudi nyumbani nikasema nilikaa kwa makarani, na kwamba Wazungu wote ni wa kushoto. Mwaka uliofuata walinipatia kalamu na kuume, nikaitupa, nikasema huko Ulaya hawaandiki hivyo. Ndiyo masomo yangu iliisha, mu troisième primaire, darasa ya tatu tu.

Na usifikiri sikujua. Hapa ndipo panaponichoma. Rafiki yangu, jina yake Kule, aliniambia kesho yake tu, tukitafuta panzi: "Isidore, siye tulikuwa tunaona mugongo ya sinema, kule kuume inageuka kushoto." Nilimupiga ngumi, kiisha nikamuapisha asiseme. Nilijua, Domitille. Nilijua mu nyumba yako, nikiwa na kibuyu mukononi. Weye ulisema kweli na nilijua ni kweli wakati nilipokuita muongo. Lakini mbele ya wazee watano wenye makoti, nilirudi kuwa yule mutoto aliyeshikwa sikio, nikaona afazali ndoa ivunjike kuliko nirudi nyuma kwa mbuzi. Niliuza furaha ya Honorine ili nisiseme nilikaa wapi. Basi nimesema. Nyuma. Nilikaa nyuma.

Hilo si neno la kuomba musamaha kwa haraka. Unisamehe kama utaweza, na kama hutaweza nitaelewa, maana roho hiyo ngumu tulipewa na mama mumoja.

Kama utakubali, nitapanda na Delphin mwezi wa munane, nikae mbele kwa shofere, hapo sikubali kukaa nyuma. Kila asubui najifunza na kibuyu ya maji. Mukono ya kuume ni mujinga, Domitille, inatetemeka kama bibi-arusi, namwaga maji juu ya miguu. Mwambie Honorine asimame karibu nami, atie mukono yake chini ya kibuyu kidogo tu, wakwe wasione. Na mbele ya wote, kabla ya maziwa, nitasema kwamba dada yangu hajawahi kuwa muongo. Ile sitahitaji kujifunza.

Barua hii imenikula siku kumi na moja. Utaona herufi zinaanguka, zingine zimelala kabisa. Ni juu ya kwamba nimeiandika yote na kuume, tangu jina yako mpaka hapa. Katekista angekuwa muzima ningemukataza kuisoma.

Salimia jirani zako wote, hata yule wa mbuzi anayekula mihogo yako. Mungu akulinde na barabara ile. Kama Honorine ataweza kucheka siku ile, mwambie amucheke mujomba wake, atakuwa na haki.

Jina yangu tu ndiyo nimeandika na kushoto, ili ujue ni miye kweli:

Yaya yako, Isidore

Mashahidi wa maneno haya: Plamedi, anayepangusa maji kila asubui na kunicheka, na Kule, ambaye macho yake imekufa lakini akili haijafa. Umuulize. Yeye alikuwa wa kuume, alikuwa na nafasi yake mbele kwa viti, na aliiacha, akakuya kukaa nyuma pamoja nami.