Shemeji Amehama, Nami Nimesimama Naye

Chumba cha juu, nyuma ya duka la vitambaa,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Habari za huko? Mguu uliokuwa ukikusumbua umepona? Mama watoto na binamu zangu hawajambo? Sisi huku wazima wa mwili, tunamshukuru Mungu. Mama anapumua vizuri tangu abadilishiwe dawa, na cherehani yangu haikosi kazi.

Ila moyo haujatulia. Nimeketi kuandika, nimesimama, nimekwenda dirishani, nimerudi. Kila nikisikia viatu kwenye ngazi nadhani ni Dada anapanda kuja kunimaliza.

Ni habari ya Shemeji, mume wa Dada, yule kinyozi ambaye wateja humwita Chekacheka kwa jinsi anavyowavunja mbavu. Alhamisi nilipita kazini kwake, nikamkuta kavaa sweta kwenye jua la kuchoma, mashine kaishika kwa mkono wa kushoto. Nilipomgusa bega kumsalimu, akaruka. Nikamng'ang'ania mpaka akapandisha sweta. Alama ya pasi nyuma ya bega, Mjomba! Hata ile ncha yake inaonekana.

"Nilikuwa napiga pasi, ikaniteleza," akasema.

"Kwani shati ulikuwa umelivaa, Shemeji?"

Akaketi kwenye kiti cha wateja, akalia huku anajitazama kiooni. Kumbe ni Dada, na mambo haya ni ya siku nyingi. Makofi, maji ya moto, kufungiwa nje, simu kupigwa chini. Hajawahi kumrudishia. Aliniambia, "Nikimgusa hata kwa kidole, nani atauliza nani alianza?"

Nikamburuta hadi kituo cha polisi. Askari wa mapokezi alimwita mwenzake aje asikie naye. "Yaani bwana mkubwa, mkeo kakushinda nguvu?" Wakacheka. Na Shemeji akacheka nao, Mjomba. Hicho ndicho kilichonichoma mimi.

Alitaka turudi nyumbani. Nikakataa, tukaenda zahanati kwanza, na pale muuguzi hakucheka. Alimsafisha kidonda taratibu, akamsikiliza, kisha akatupeleka kwa mshauri ambaye kazi yake ni watu wanaoumizwa majumbani. Mama huyo alisema wanaume huja kwake, ila huja wakiwa wameshaumia vibaya, kwa sababu ya vicheko kama vile. Yeye ndiye aliyerudi nasi kituoni. Safari hii mkuu wa kituo mwenyewe alichukua maelezo, na wale wawili wakajifanya wana shughuli.

Sasa Shemeji analala kwa rafiki yake seremala. Mtoto wao yuko kwa Mama. Mama naye hasemi nami vizuri. Ati nimeivua familia nguo hadharani. Dada kanitumia ujumbe, "Kuanzia leo wewe si ndugu yangu." Nimeusoma mpaka macho yameniuma. Nampenda Dada, unajua alivyonibeba mgongoni. Lakini leo ni pasi, na kesho je? Mshauri anasema hata Dada anaweza kusaidiwa, akikubali.

Nina ombi, Mjomba. Mpigie Shemeji. Usimwambie avumilie, wala usimwambie awe mwanamume. Muulize tu amelalaje. Kisha mpigie Dada, maana wewe ndiye pekee anayekujibu bila kufoka.

Kesho nimeitwa kituoni nikaeleze nilichokiona, na nitakwenda. Sikuombi ruhusa. Nilitaka tu, watakapokuambia kwamba nimemgeuka dada yangu, uwe umeshasikia kwangu kwanza.

Nisalimie mama watoto, na binamu zangu wote, hasa yule mwenye maneno mengi. Mungu aifunike nyumba yako, asiwemo hata mmoja wa kuogopa kufungua mlango wake mwenyewe.

Ni mimi nikupendaye kwa moyo wote,
mpwa wako, kitindamimba.