Vitu Chini ya Mita Moja

Jumatatu, 16 Juni 2025
Mikumi. Hatimaye! Picha ya pande tatu ya kijijini kwetu Munisagara imekaa sawa kwenye kompyuta. Ilinitoa jasho — droni ilirushwa mara mbili, mara moja chini, mara moja juu, basi ukiunganisha picha, kaburi linakuwa kubwa kuliko nyumba ya jirani. Nikachukua kaburi la saruji la mzee Alfred, ambalo vipimo vyake ninavijua, nikalifanya kipimo cha vitu vyote. Sasa nyumba ni nyumba, kaburi ni kaburi. Vilivyo chini ya mita moja, ncha hadi ncha, programu inavifuta: vichuguu, mafiga, matuta ya viazi. Safi! Bosi wangu Ditram kafurahi. Kila kiboksi chekundu inachochora programu ni kaburi litakalohamishwa kabla ya kujengwa ukingo wa kuzuia mafuriko. Ijumaa picha inakwenda kwa mkandarasi.

Jumanne, 17 Juni
Nimemtafuta mwanangu. Hayupo.

Mahali napajua — nyuma ya migomba ya mama, upande wa mtoni. Nimeikuza picha mpaka ikawa ukungu. Udongo mtupu. Ndipo akili ikanijia: kaburi lake halifiki mita moja. Nimemfuta mimi mwenyewe, pamoja na vichuguu!

Nimelia nyuma ya choo cha ofisi. Miaka minne najifanya nimesahau. Nyumbani kwetu, mtoto akifa kabla ya kutolewa nje na kupewa jina, hana matanga. Wanawake tu ndio wanaomzika, na mama yake akilia ananyamazishwa. Nyamaza, utafunga kizazi. Haya, nilinyamaza. Moyo unaniuma vilevile.

Alhamisi, 19 Juni
Nimebadilisha mstari mmoja wa programu. Badala ya mita moja, nusu mita. Nilitaka kiboksi kimoja tu — vimejaa! Nyuma ya migomba ya watu, kando ya mto wote, vidogo vidogo, kama mtu kamwaga mtama.

Ditram kasema hizo takataka, nivifute, mkandarasi hawezi kuhamisha viazi vya watu. Nikamwambia kimoja ni mwanangu. Baadaye akauliza, kwa upole, nani atathibitisha? Kaburi lisiloonyeshwa na ndugu haliandikwi. Si mtu mbaya. Kanipa mpaka kesho jioni. Kweli vingine vinaweza kuwa matuta ya viazi, kwa kutazama tu siwezi kujua.

Ijumaa, 20 Juni
Niko kwa mama. Shikamoo, marahaba, uji. Nikamtandikia picha iliyochapishwa juu ya mkeka, nikamwomba aje aseme ofisini kwamba alimzika mjukuu wake. Akakataa. Mambo ya wanawake hayasemwi mbele ya wanaume. Nikamjibu vibaya, Mungu anisamehe.

"Mama, watamwaga kifusi juu yake! Magari yatapita!"

Hakunigombeza. Aliivuta picha, akainama sana maana miwani hana. Nilimwelekeza migomba, mto. Akaweka kidole: huyu wako. Halafu kidole kikasogea kidogo, kikatua kwenye kiboksi cha pembeni yake. Nikamwambia, hilo tuta la viazi, mama.

"Pale hatujawahi kulima viazi, mwanangu. Huyo alikutangulia wewe."

Mimi ni kifungua mimba! Ndivyo nilivyoambiwa maisha yangu yote. Nikamuuliza, alikuwa wa kike au wa kiume? Akasema wa kike. Tumelia wote wawili, na safari hii hakuna aliyemnyamazisha mwenzake.

Kisha akajifunga khanga, akatoka. Nikamsikia anamwita bibi Joha, jirani yake, na bibi Joha anamwita Costancia. Sasa wanawake wa jirani wamejaa uani, wanaizunguka picha. Simu inaita — Ditram. Sijapokea. Bibi Joha ameweka vidole vitatu kwenye picha, na hataki kuviondoa ili mwenzake naye aone.