Volani Isiyorudi

Jumatano, 8 Oktoba 2025

Gari la mume wangu limeingia uani. Niko ndani ya eda, sitoki. Lakini masikio hayakai eda. Lilipokata kona ya geti, pine za magurudumu zilisugua bodi — krrr. Enzi za marehemu Uthmani halikusugua kitu.

Nimechungulia. Limelala chini kama mbwa aliyepigwa! Shemeji Shakuru kakata springi, kavalisha pine pana zinazotokeza nje. Udongo wa kaburi la kaka yake haujakauka.

Nilimwuliza. Akacheka. "Shemeji, hii ndio modi ya sasa. We kaa na tasbihi yako."

Alhamisi, 9 Oktoba

Mwanangu Assia karudishwa nalo kutoka shule. Anasema baba mdogo anashika volani kwa mikono miwili, kila shimo linamnyang'anya. Na akimaliza kona hairudi. Anairudisha kwa nguvu.

Nilikaa kitandani. Uthmani akimaliza kona alifungua kiganja tu, volani ikateleza yenyewe mpaka katikati. "Rudi nyumbani," aliiambia. Kila kona ya mtaa wetu wa Kibenga. Nami nilimcheka.

Ijumaa, 10 Oktoba

Fundi Massoudi, rafiki wa Uthmani, kaja kutoa pole. Kakaa nje ya pazia. Kumbe ndiye aliyekata springi!

Anasema alimwonya Shakuru. Springi zikikatwa, magurudumu yanainama, hayakanyagi sawa, na volani hairudi yenyewe. Pine pana nazo zinafuata kila mfereji wa barabara. Mjini utachoka mikono tu. Mlimani, kona za Bugarama, gari litakutupa.

"Basi kwa nini ulikata?"

"Mama Assia, alisema ni we umemutuma."

Mimi! Mimi ambaye hata chumvi naiagiza kwa kuomba.

Jumamosi, 11 Oktoba

Harusi ya ukoo, Gitega, ng'ambo ya mlima wa Bugarama. Shakuru anampeleka mama mkwe, na Assia. Nilisema dirishani: mtoto hapandi mlima na gari hilo. Mama mkwe akajibu kwamba mwenye eda hapangi safari. Shakuru akaongeza kuwa gari ni la ukoo.

Assia alishapanda, na gauni lake la njano.

Nimetoka. Na nguo zangu za eda, majirani wakitazama. Nimekaa kiti cha dereva, nimechomoa ufunguo. Naandika hapa hapa, daftari juu ya volani. Mama mkwe analia kwamba nimemvunjia mwanawe heshima. Assia ameninong'oneza, "Mama, tushuke?" Bado, mwanangu.

Shakuru kampigia simu imamu. Yuko njiani.

Aje. Nitampa ufunguo, akate kona ya geti, kisha afungue kiganja tuone.