Nilifunga Utosi, Baba Akadhani Namwonea Kinyaa

Shanta Tai, dada yetu mkubwa wa ushauri,

Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana, na leo naituma kabla sijajihurumia tena, kwa hiyo naomba unisaidie hata kama utanigombeza. Mimi ni mke wa karani wa posta hapa Pune, nina miaka arobaini na sita, binti wa mfinyanzi wa kijiji kimoja upande wa Satara, na nimekua nikilala kwa mlio wa chaak, lile gurudumu la Baba la kufinyangia mitungi, nasema haya ili ujue sikutoka kwa watu wakubwa.

Mwaka jana mwanzoni kichwa kilikuwa kinaniuma kila siku, daktari haoni kitu, ndipo jirani akanipeleka kwenye darasa la yoga la Guruji mmoja anayefundisha kwenye ukumbi wa jengo letu, naye akaniambia chakra yangu ya utosi, kile kituo cha nguvu kilicho juu ya kichwa, iko wazi kama sufuria isiyo na kifuniko, kila mwenye husuda na kila mwenye uchovu anamwaga vyake humo, kwa hiyo niifunge siku arobaini na moja, nisile kitunguu, nisimwambie mtu, na zaidi ya yote asiniguse mtu kichwani. Nikafanya. Na kichwa kikapoa kweli, Tai, ndiyo maana nikayashika maneno yake yote bila kuchagua.

Siku ya ishirini na nane nikaenda nyumbani kuwasalimu wazazi. Ilikuwa mwezi wa nne, kazi ya mitungi ya maji imepamba moto, Baba yuko uani na chaak yake, udongo amekandiwa na Mama kama siku zote. Nikainama nikamgusa miguu kama kawaida, naye akainua mkono aniwekee kichwani kunibariki, aniambie "Kaa kwa raha, mwanangu," kama alivyofanya tangu nizaliwe, na mimi nikakwepa. Si kidogo, Tai, nilirudi nyuma hatua nzima. Mkono ukabaki hewani. Akautazama, umejaa udongo mbichi hadi karibu na kiwiko, akaupangusa kwenye dhoti yake, shuka la kiunoni, upande huu na upande ule, akasema taratibu, "Aa, nisamehe mwanangu. Uzee huu, nasahau. Na sari yenyewe mpya."

Ningesema pale pale. Lakini Guruji alisema anayetangaza anapoteza, basi nikajibu, "Hamna neno, Baba," na ndilo neno ninalojutia kuliko yote, maana ni kama nilimwambia kweli, una uchafu, ila nimekusamehe. Mama aliyaona yote akiwa mlangoni mwa jikoni, mkate wa bhakri ukiwa mkononi. Wakati wa kula Baba alinawa mikono kwa sabuni mpaka Mama akamwambia, "Basi, utachuna ngozi." Nilipoaga alisimama kizingitini, mikono ameificha mgongoni. Wiki tano baadaye moyo wake ukasimama.

Tangu mazishi Mama haji kwenye simu. Mdogo wangu Tanaji nikimwambia nataka kuja ananijibu, "Njoo tu dada, ila tuambie mapema tutandike magazeti. Huku kwetu bado kuna udongo." Mwezi ujao ni Akshaya, siku ya kuwatolea mtungi wa maji waliotangulia, na nataka kuwepo, lakini Guruji anasema nyumba yenye msiba ni hatari kwa utosi, niufunge zaidi, wakati rafiki yangu anafuata mwalimu mwingine anayesema kufunga ndiko kunakoharibu, chakra zote zikae wazi muda wote, mwanga wenyewe ndio kinga. Niende nimefunga au nimefungua? Na mkono wa Baba, Tai, unaweza kunifikia bado? Karibu mwaka mzima natembea na kichwa changu kilicholindwa vizuri, na hakuna anayekigusa.

Hemlata, Pune

*

Hemlata dada yangu,

Niliposoma pale pa mikono mgongoni nilivua miwani nikaifuta. Kwa hiyo nikikugombeza usidhani sijaumia.

Umelala utoto wako wote kando ya chaak. Na chakra ni neno lile lile, ni gurudumu. Binti wa mfinyanzi anaandika barua kuniuliza gurudumu lifungwe au lifunguliwe. Baba yako angecheka mpaka akohoe. Gurudumu si mlango, Hemlata. Linazunguka au limekwama, na la kwako limekwama tangu siku ile.

Mimi nimekaa kwenye mkeka wa yoga miaka thelathini, sidharau mambo haya. Walionifundisha walisema mara "fungua," mara "funga," wakiwa na maana peleka moyo hapa, sasa upumzishe. Hakuna aliyenifundisha kumkwepa mzazi. Kichwa chako kimepoa, vizuri, huenda ulihitaji tu nusu saa kila asubuhi bila mtu kukuita. Endelea na hiyo nusu saa. Lakini kinga uliyokuwa unaitafuta ilikuwa imeinuliwa juu ya kichwa chako, ina udongo, na wewe ukaikwepa.

Na ile sari mpya, hukuifikiria hata kidogo? Usinijibu mimi. Ila kama uliifikiria, mwambie Mama na hilo. Atalisamehe mapema kuliko huu ukimya wako.

Unauliza kama mkono wa Baba unaweza kukufikia. Sitakudanganya. Mkono wa siku ile umepita, na hilo utaishi nalo. Lakini yupo mjane aliyekaa karibu mwaka mzima akiamini mumewe alikufa akijua binti yake anamwonea kinyaa. Huyo ana haki zaidi ya kusikia ukweli kuliko wewe ulivyo na haki ya kupoa kichwa.

Usisubiri Akshaya. Panda basi Jumapili hii, usimwombe Guruji ruhusa, na usivae kitu ambacho utakionea huruma. Tanaji akitandika magazeti, yasukume pembeni ukae chini kwenye udongo, na akikutania mwache akutanie, amekuwa akiusubiri utani huo muda mrefu. Kisha mfuate Mama pale anapokandia udongo. Mweleze neno kwa neno, Guruji, siku arobaini na moja, "Hamna neno, Baba," yote, bila kujitetea. Halafu iname umguse miguu, na ubaki umeinama hata akichelewa. Anaweza kuchelewa sana.

Na akiinua mkono, halafu ukamwona anaanza kuupangusa kwanza kwenye sari yake, ushike. Mwambie, "Usipanguse, Mama."