Shati ya tangazo la sabuni

Samiha weee, Cikuru wetu na kamera yake amekwisha!

Alikuwa anapiga picha ya tangazo la sabuni, ifanane na mji wetu wa Rumonge wa 1962, mwaka wa Uhuru wa Burundi. Mama Vestine akamuazima shati ya mume wake, yule aliyechukuliwa na askari kwenye mauaji ya 1972 asirudi tena.

Cikuru akaifua na javeli, ile dawa ya kutoa madoa. AKAIFUA, Samiha! Eti iko chafu mufukoni.

Kumbe ni alama za vidole vya yule mzee, za mafuta ya mawese.

Mama anaigeuza-geuza tu: “Vidole vyake viko wapi?” Cikuru analia nyuma ya nyumba.

Na wenye sabuni wameikataa picha! Beseni ya plastiki imeonekana, eti 1962 hazikuwako. Arudie.

Na shati ileile, wamesema, imetoka nyeupe vizuri.